Pete Mguuni mwa Ndege

Katika lugha yetu, kumvisha mtu pete ni kumfunga kwa ahadi. Mchumba avishwapo pete, watu wa nyumba zote mbili hutambua kwamba liko jambo linalosubiriwa, na kwamba aliyetoa na aliyepokea wana deni la kutimiziana. Kwa hiyo tuliposoma kwa mara ya kwanza habari za wataalamu wanaowavisha ndege pete miguuni, tuliona kwamba neno hili halikupotea njia. Pete ya ndege nayo ni ahadi baina ya watu wawili wasiojuana. Mmoja humshika ndege, humvisha pete yenye anwani na nambari, kisha humwachia aende zake. Wa pili, pengine katika bara jingine, humwokota ndege yule na kuandika barua. Asipoiandika, ahadi imevunjika.

Sisi tuandikao makala haya tuliivunja ahadi hiyo mwaka 1981. Tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi kusini-magharibi mwa Uganda, mahali ambapo madirisha ya madarasa yanatazama mbuga ya nyasi mpaka macho yachoke. Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa senene. Mvulana mmoja wa darasa la sita, aliyeamka alfajiri kwenda kuokota senene nyasini kabla jua halijawakausha mbawa, alikuta mzoga wa korongo mweupe. Mguuni mwa korongo palikuwa na pete ya madini, nayo ilichorwa herufi za lugha ya Ulaya na nambari ndefu. Mtoto aliivua, akaja nayo darasani ndani ya jani la mgomba.

"Shikamoo Mwalimu. Hii imeandikwa nini?"

Tulimjibu kwamba hiyo ni anwani ya watu wanaotaka kujua ndege wao amefika wapi, na kwamba tutawaandikia. Darasa zima lilifurahi. Tukaitia pete ile katika mtoto wa meza. Siku zile stempu za kupeleka barua ng'ambo zilikuwa adimu, kisha ikaja mitihani, kisha likizo. Muhula uliofuata mtoto aliuliza, "Mwalimu, wamejibu?" Tukasema, "Bado." Akauliza tena mara ya pili, tukasema vilevile. Neno lile "bado" lilikuwa uongo, kwa maana asiyeulizwa hawezi kujibu. Mwaka uliofuata tulihamishwa, na pete ikapotea pamoja na meza.

Ili msomaji apime uzito wa kosa hilo, hatuna budi kurudi nyuma na kueleza elimu hii ilivyopatikana.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliwaona mbayuwayu na korongo wakitoweka kila mwaka kabla ya majira ya baridi na kurudi baridi ilipokwisha, wasijue walikokuwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alijua kwamba ndege wengine husafiri, lakini aliandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya. Mwaka 1555 askofu wa Uswidi aitwaye Olaus Magnus aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huvuta nyavu zao kutoka chini ya barafu na kukuta mbayuwayu wamelala humo pamoja na samaki. Tusiwacheke. Walikuwa wakiutazama upande mmoja tu wa safari, na mwenye kuona upande mmoja hulazimika kuubuni ule mwingine. Huku kwetu, ambako mbayuwayu hao hao walikuwa wakiruka juu ya mifugo ya watu, hakuna aliyeulizwa.

Barua ya kwanza kutoka Afrika ilifika mwaka 1822, nayo haikuandikwa kwa wino. Karibu na mji wa Klütz, katika nchi ya Mecklenburg huko Ujerumani, korongo mweupe mmoja alipigwa risasi akaanguka. Walipomwendea walikuta mti mwembamba wa mshale, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, umempenya shingoni. Alikuwa ameruka nao hivyo hivyo mpaka kiotani kwake. Ilipochunguzwa silaha ile, ilitambulikana kuwa ni ya Afrika ya Kati. Korongo huyo alikaushwa, na mpaka leo yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji aliyerusha mshale ule alikuwa akitafuta kitoweo, hakukusudia kumwelimisha mtu. Hata hivyo aliwajibu wanavyuoni wa Ulaya swali ambalo walikuwa wakiulizana kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na jina lake halimo katika kitabu chochote.

Mshale ni barua ya bahati. Aliyeifanya barua hiyo kuwa utaratibu alikuwa mwalimu mwenzetu. Hans Christian Mortensen alikuwa akifundisha shule katika mji wa Viborg, nchini Denmark. Mwaka 1890 alijaribu kuwavisha ndege pete za zinki, akaona kwamba ni nzito, zinawaelemea. Akangoja. Madini ya alumini yalipopatikana kwa bei nafuu, alikata vipande vyembamba kwa mkono wake, akachora jina la mji na nambari, na mwaka 1899 akawavisha pete ndege 165 wa jamii ya kwezi. Kila nambari aliiandika daftarini. Tunaomba wasomaji walimu walitazame daftari hilo kwa makini, maana ndilo lililoleta mabadiliko. Zamani walikuwapo watu waliofunga uzi au utepe mguuni mwa ndege, lakini uzi husema tu kwamba ndege huyu alipata kushikwa na mtu. Nambari hueleza ni ndege gani, alishikwa siku gani, na mahali gani.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1901, Johannes Thienemann alifungua kituo cha kuchunguza ndege katika kijiji cha Rossitten, kwenye ulimi wa mchanga kando ya Bahari ya Baltiki. Kijiji hicho leo huitwa Rybachy, nacho kimo nchini Urusi. Korongo walianza kuvishwa pete huko mwaka 1906, na haikuchukua muda barua zikaanza kutoka Afrika. Barua hizo zilipopangwa juu ya ramani, ilionekana kwamba korongo wa Ulaya wana njia kuu mbili. Wa magharibi hupita mlango wa bahari wa Gibraltar na kwenda Afrika ya Magharibi. Wa mashariki huvuka Bosporus, hupita Shamu na Palestina, huufuata Mto Nili, kisha huenea katika mbuga za Afrika ya Mashariki hadi Afrika ya Kusini. Sababu nayo ilieleweka. Korongo ni ndege mzito, hapendi kupiga mbawa safari nzima. Husubiri hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, huzunguka ndani yake mpaka juu, kisha huteleza mbele. Juu ya bahari pana hewa hiyo haipandi, ndiyo maana huizunguka bahari. Huku kwetu huzifuata nyasi ambamo mna panzi, nzige na viwavi jeshi. Hivyo korongo wa mwanafunzi wetu hakuwa amepotea. Alikuwa katika njia yake.

Habari ya mbayuwayu nayo ilipatikana kwa barua. Mwezi wa Mei mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Cheadle, Uingereza, aitwaye John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 mbayuwayu huyo alishikwa ndani ya nyumba ya shambani katika jimbo la Natal, Afrika ya Kusini, na barua ikatumwa London. Ndege wa uzito usiozidi gramu 20 au zaidi kidogo alikuwa amelivuka bara zima kwa urefu wake. Barua moja ilitosha kuwatoa mbayuwayu wa Olaus Magnus chini ya barafu.

Twaona basi kwamba elimu hii ina mikono miwili. Vitabu vimejaa majina ya watu wa mkono wa kwanza, waliovisha pete. Wa mkono wa pili, waliookota, mara nyingi hawatajwi. Lakini mkono mmoja, kama tujuavyo, hauchinji ng'ombe.

Deni letu la mwaka 1981 ndilo lililotusukuma kufunga safari. Mwishoni mwa Novemba 2008 tulipanda basi kutoka Kampala hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Mtito Andei, kisha tukaingia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi hadi Ngulia. Tulikuwa tumesikia kwamba huko ndege wamekuwa wakivishwa pete kila mwaka tangu 1969, na kwamba hapana mahali pengi katika Afrika palipofanya kazi hiyo kwa wingi namna hiyo. Nchi ile ndiyo hasa iitwayo nyika. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini, na katikati yake palisimama migunga, vichaka vya miiba na mibuyu ya hapa na pale. Nyumba ya wageni imejengwa ukingoni mwa mteremko, na chini yake nyika hutandaa kama mkeka.

Kituo cha Ngulia hakikuanza kwa kupangwa. Nyumba ile ilipofunguliwa mwaka 1969 ziliwekwa taa kali nje ili wageni wawaone wanyama wanaokuja usiku kunywa maji. Katika miezi ya Novemba na Desemba, pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na vilima vya Ngulia, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu. Wakati huo huo maelfu ya ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita juu kuelekea kusini, nao husafiri usiku wakiongozwa na nyota. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishafunga, nyota hutoweka na taa peke yake ndiyo huonekana. Ndege huivutikia taa, huzunguka, hushuka. Wataalamu wa ndege waliokuwako Kenya walipoliona jambo hilo walileta nyavu, na miongoni mwao David Pearson na Graeme Backhurst waliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi.

Tuliposimama barazani usiku ule tukaona ndege wakimiminika ndani ya ukungu kama makapi katika upepo, tulikumbuka nyumbani. Siku hizi katika nchi yetu senene hunaswa vivyo hivyo: taa kali, mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, na ukungu wa Novemba. Tofauti ni kwamba senene huishia kikaangoni, na ndege wa Ngulia hurudishiwa safari yake.

Kazi yenyewe huenda kwa utaratibu. Nyavu ni za nyuzi nyembamba mno, hazionekani gizani. Aina hiyo ilibuniwa na wawindaji wa Japani, na wachunguzi wa ndege waliichukua kutoka kwao baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ndege akinaswa hutolewa kwa vidole taratibu, mguu kwanza au bawa kwanza kwa kadiri alivyoingia, kisha hutiwa katika kifuko cha kitambaa ambamo giza humtuliza. Mezani hutambuliwa aina yake, huvishwa pete, hupimwa urefu wa bawa kwa milimita, hutazamwa mafuta yaliyo chini ya ngozi ya kifua, hupimwa uzito, kisha huachiwa. Pete yake ina anwani ya makumbusho ya Nairobi, na uzito wake haufiki sehemu moja ya mia ya uzito wa ndege. Waliokuwa kazini walikuwa vijana wa Kenya pamoja na wageni wa nchi mbalimbali waliokuja kwa gharama zao wenyewe.

Ndege aliyekuja mezani mara nyingi usiku ule alikuwa mdogo, rangi yake kama ya majani makavu, jamii ya shoro. Wataalamu humwita Acrocephalus palustris, nasi tutamwita shoro wa vinamasi. Ana uzito wa gramu 12 hivi. Huzaliana Ulaya na sehemu za magharibi ya Asia, na kabla ya kazi ya Ngulia safari yake ilijulikana kwa vipande vipande tu. Miaka mingi ya daftari la Ngulia ilisaidia kuonyesha kwamba shoro huyu hana haraka: hukaa wiki nyingi upande wa Sudani na Ethiopia mvua ikiwako, kisha hupita Kenya Novemba na Desemba, na mwisho hutua kusini, nchi za Zambia, Malawi na jirani zake. Ndege wa aina mbalimbali waliovishwa pete Ngulia wamepata kuonekana Urusi, Uarabuni na Malawi. Lakini ndege wa namna hii wakivishwa pete elfu moja, kupata habari ya hata mmoja kutoka mbali ni bahati.

Kuhusu shoro huyu liko jambo moja ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila darasa la lugha. Mwaka 1979 mtaalamu wa Ubelgiji, Françoise Dowsett-Lemaire, alichapisha uchunguzi wa nyimbo zake. Alikuwa amewasikiliza madume nchini Ubelgiji, naye aliwajua pia ndege wa Afrika kwa sauti zao. Aligundua kwamba wimbo wa shoro wa vinamasi karibu wote umetungwa kwa kuiga ndege wengine. Dume mmoja, kwa wastani, aliiga aina 76. Kwa jumla alitambua aina 212 zilizoigwa, na katika hizo 113 zilikuwa za ndege wa Afrika. Yaani zaidi ya nusu ya msamiati wa ndege huyu, aimbaye vichakani Ulaya kutafuta mchumba, aliokota huku njiani, katika mwaka wake wa kwanza. Watu wa Ulaya walimsikia kwa karne nyingi wakadhani ni wimbo wa kwao. Ilihitajika mtu mwenye kuzijua nchi zote mbili ndipo wimbo ule usomeke.

Sisi walimu wa Kiswahili tusingepaswa kulistaajabia sana jambo hilo. Lugha yetu nayo imesafiri, imeokota maneno bandarini na njiani, na hakuna aliyeyafahamu vyema maneno hayo kwa kusimama upande mmoja tu wa safari.

Karibu na saa kumi za usiku tulimsimulia kijana aliyekuwa akivisha pete habari ya korongo wa mwaka 1981. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwa ndege aliyekuwa mkononi.

"Mwalimu, na ile nambari mliiandika mahali?"

"Hatukuiandika."

"Hata mwanzo wake hamuukumbuki?"

"Hatuukumbuki."

Akanyamaza kidogo. "Basi, Mzee," akasema kwa upole, "huyo hawezi kupatikana tena." Kisha akalisogeza daftari mbele yetu, akatupa kalamu. "Mimi nitasoma, ninyi mtaandika."

Tukaandika mpaka kulipopambazuka. Nambari, aina, bawa, uzito, saa. Mwenzetu mmoja akisema "nne" tuliirudia "nne" kabla ya kuiandika, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa, ndege mmoja huwa mwingine. Jua lilipotoka ukungu uliinuka juu ya nyasi, na ndege wa mwisho akaachiwa barazani. Alitua juu ya mgunga, akajikung'uta, akaudonoa mguu wenye pete mara mbili, kisha akashuka nyasini kutafuta wadudu.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 korongo wamekuwa wakibebeshwa vyombo vinavyozungumza na setilaiti, na mtu akiwa chumbani kwake Ulaya anaweza kuifuata safari yao siku kwa siku. Lakini ndege wengi ni wadogo mno kubeba vyombo hivyo, na kwao pete ingali ndiyo barua, na msomaji wa barua ni yule anayeishi nyasini: mchungaji, mkulima, mvuvi, na mtoto aendaye kuokota senene.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu katika nchi zetu zote mambo machache. Mwanafunzi akileta pete, iandikwe hapo hapo ubaoni, herufi zote na tarakimu zote, kama zilivyochorwa. Iandikwe tarehe, mahali, na namna ndege alivyopatikana. Ikiwa ndege yu hai, asomwe nambari yake na kuachiwa na pete yake. Barua ipelekwe kwenye anwani iliyochorwa, au kwenye makumbusho ya taifa, au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Na jina la mtoto aliyeokota liandikwe katika barua hiyo, kwa maana yeye ndiye mkono wa pili.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Letu halilipiki, maana nambari ilikwenda na meza. Mwalimu yule wa Viborg aliandika nambari 165 katika daftari lake, akaingoja dunia imjibu. Mahali fulani huko Ulaya liko daftari jingine lenye mstari wa korongo wetu: siku aliyovishwa pete, kiota alichotoka, na mbele yake nafasi tupu. Nafasi hiyo ilikuwa ijazwe jina la mvulana wa darasa la sita.